Kitabu cha Munkres cha topolojia: nimekaa nacho mwaka mzima, haya ndo niliyoyaona

Hiki kitabu nimekitumia mwaka mzima, mihula miwili ya darasani na likizo yake katikati, kwa iyo naongea kama mtu aliyekisoma kalamu ikiwa mkononi na sio aliyepitisha macho tu. Kinaitwa Topology, mwandishi ni James Munkres aliyekuwa profesa wa MIT, toleo la kwanza lilitoka 1975 na hili la pili ninalolizungumzia ni la 2000. Kozi nyingi za topolojia ya utangulizi zinakifuata, na nyingine zinafuata mpangilio wake ata kama mwalimu hakitaji, ndo maana nimeona bora mtu ajue kabla hajaanza kitampa nini na kitamnyima nini.

Niseme msimamo wangu mapema. Nakipenda, nakipa nne kati ya tano. Ila uzuri wake hauko pale watu wanapoutafuta. Watu wanafungua wanakimbilia theoremu, wanazikariri, alafu wanaingia mtihanini wanakuta swali linasema "toa mfano wa spesi ambayo hivi lakini sio vile" na hawana cha kuandika. Utajiri wa Munkres uko kwenye mifano yake ile ya ajabu ajabu na kwenye mazoezi ya mwisho wa kila sehemu, na ukikisoma kama gazeti, unasoma ukurasa unageuza, utafika sura ya tatu mikono mitupu.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na somo lenyewe: wengi wanakuja wakiwa wamesikia habari za kuvuta na kukunja mpira bila kuuchana, wanafungua kitabu wanakuta seti, na seti za seti, wanajiuliza ule mpira umeenda wapi. Mpira upo ila unakuja mbele sana. Mwanzoni kazi ni hii, unachukua seti yoyote, unachagua baadhi ya seti zake ndogo unaziita wazi, na uchaguzi wako unatakiwa utii masharti matatu tu. Seti tupu na seti nzima ziwe wazi. Ukiunganisha seti wazi, ata ziwe nyingi bila kikomo, jibu liwe wazi. Na ukichukua makutano ya seti wazi zenye idadi, mbili, kumi, elfu, jibu liwe wazi. Basi. Uchaguzi huo ndo unaitwa topolojia, na seti ikiwa nao inaitwa spesi. Hamna umbali, hamna pembe, hamna kipimo chochote, na kutoka kwenye hayo matatu ndo unatakiwa utoe maana ya kukaribia, ya kuendelea bila kukatika, ya kushikana, ya kuwa na ukingo.

Munkres anakupa hiyo maana kwenye sehemu ya 12, imeandikwa safi, hamna neno la ziada, alafu anaendelea na safari. Anachokipita haraka ni kwa nini. Kwa nini muungano uruhusiwe bila kikomo lakini makutano yawe na idadi? Mi swali hilo lilinikaa wiki nzima, mwalimu wetu naye alilipita mbio maana muhula ni mfupi, mpaka siku moja nikajiandikia kwenye karatasi intavali kutoka -1/n mpaka 1/n kwa kila n. Kila moja ni wazi kwenye mstari wa namba halisi. Zikutanishe zote, kinachobaki ni 0 peke yake, na 0 peke yake haina ata upenyo mdogo pembeni mwake, sio seti wazi kwa maana tuliyoizoea. Na kama tungelazimisha iwe wazi basi kila pointi ingekuwa wazi kwa njia iyo iyo, alafu kila seti ni muungano wa pointi zake kwa iyo kila seti ingekuwa wazi, na hapo mstari wetu umesambaratika kuwa pointi pointi ambazo hazijuani. Yani lile neno dogo "zenye idadi" kwenye sharti la tatu ndo linaloushika mstari usisambaratike. Nakuomba ulikumbuke maana nitalirudia, na kwa maoni yangu kitabu kizima cha kwanza (kimegawanyika sehemu kubwa mbili) ni kazi ya kulipa gharama ya hilo neno.

Kabla sijaendelea, kasoro ya kwanza. Metriki, yani spesi zenye umbali, inakuja sehemu ya 20. Kuanzia 12 mpaka 19 unatembea na seti wazi zisizo na umbali, sehemu nane nzima, na kwa mtu anayetoka kwenye kalkulasi na uchambuzi wa namba halisi ni kama kaambiwa aogelee kabla hajaonyeshwa maji. Najua sababu yake, anataka uzoee kufikiri bila umbali, na mwishoni nilikubali kuwa ilinijenga, lakini wenzangu wawili watatu waliachia hapo hapo na sio kwamba hawakuwa na uwezo. Ushauri wangu kwa anayejisomea mwenyewe: soma 12 na 13, ruka mpaka kurasa za mwanzo za 20 uone jinsi umbali unavyozaa seti wazi, yani unachora kimpira kidogo kuzunguka kila pointi na seti inakuwa wazi kama kila pointi yake ina kimpira kinachoenea humo ndani, alafu rudi 14 uendelee taratibu. Hutapotea.

Na sura ya kwanza, ile ya seti na mantiki, ina kurasa zipatazo 70. Usianze kuisoma yote. Wengi wanachokea pale, wanafika kwenye topolojia yenyewe nguvu zimeisha. Chukua yale ya fanksheni, ya seti zinazohesabika na zisizohesabika, anza sura ya pili, utarudi. Sehemu ya 10 tu ndo hutaikwepa milele na nitasema kwa nini.

Sasa sura ya pili ambayo mi naiona ndo moyo wa kitabu. Maana ya kuendelea. Huko tulikotoka tulifundishwa epsiloni na delta, hapa unaambiwa fanksheni inaendelea kama kila seti wazi ya upande wa kufika, ukirudi nyuma ukakusanya pointi zote zinazotua humo, unapata seti wazi upande wa kutoka. Mara ya kwanza inaonekana kinyumenyume, mbona tunarudi nyuma badala ya kwenda mbele? Lakini iangalie ile epsiloni vizuri, nayo ilikuwa inaanzia mwisho: mtu anakuambia kosa ninaloruhusu pale unapofika ni hili, we unamjibu basi nisitoke nje ya eneo hili pale ninapoanzia. Ni mazungumzo yale yale, zimeondolewa namba tu. Munkres anaonyesha kuwa maana hizi mbili ni moja, na ukishaona hivyo huwezi tena kuiandika ile ya zamani bila kuisikia hii mpya ikiongea chini yake.

Alafu anakuletea mstari wa namba halisi aliouvalisha nguo nyingine, badala ya intavali zilizo wazi pande zote mbili anatumia zile zinazoshika ncha ya kushoto na kuacha ya kulia, kutoka a mpaka b, a imo b haimo. Hii topolojia mi nilidhani ni ya kupoteza muda mpaka nilipofanya jambo moja ambalo nakusihi na we ulifanye kwa mkono wako. Chukua fanksheni ya ngazi, ambayo ni 0 kwa namba zote hasi na 1 kuanzia 0 kwenda mbele. Kila mtu anajua imekatika pale kwenye 0, tumeichora toka sekondari. Sasa iweke juu ya huu mstari wenye nguo mpya. Chukua seti wazi yenye 1 lakini haina 0, rudi nyuma, unapata namba zote kuanzia 0 na kuendelea, na iyo ni seti wazi huku! Upande mwingine unapata namba zote hasi, nayo ni wazi. Kwa iyo ile fanksheni inaendelea kabisa. Sikulala vizuri siku iyo kwa kweli, kwa furaha. Kumbe kukatika sio tabia ya fanksheni peke yake, ni makubaliano kati ya fanksheni na topolojia uliyoichagua, na mi miaka yote nilikuwa nadhani naangalia fanksheni wakati nilikuwa naangalia pia kitu kingine ambacho hakuna aliyenitajia.

Seti wazi na seti funge nazo zinasumbua watu, kwa sababu kwenye lugha ya kawaida kitu kikiwa wazi hakijafungwa. Huku seti inaweza kuwa wazi na funge kwa pamoja, au isiwe chochote kati ya hivyo viwili, funge maana yake tu ni kwamba kilichobaki nje yake ni wazi. Munkres anakuonya mapema. Zoezi zuri la kuzoea ni kuchukua seti ya vitu vitatu tu na kutafuta topolojia zote zinazowezekana juu yake, ziko 29, na ukizihesabu kwa umbo bila kujali majina ya vile vitu zinabaki 9. Kitabu kinachora baadhi, we tafuta zote. Ilinichukua jioni moja nikawa sibabaiki tena na yale masharti matatu.

Na mwishoni mwa mazoezi ya sehemu ya 17 kuna swali ambalo peke yake linakipandisha kitabu daraja. Linatokana na kazi ya Kuratowski ya 1922. Chukua seti yoyote, unaruhusiwa mambo mawili tu, kuifunga (kuongeza pointi zote zinazoikaribia) na kuigeuza (kuchukua kilicho nje yake), rudia upendavyo kwa mpangilio upendao. Utapata seti tofauti ngapi? Mtu angedhani unaweza kuendelea milele. Hapana, hazizidi 14, haijalishi umeanza na nini wala kwenye spesi gani, alafu anakuambia utafute seti kwenye mstari wa namba halisi inayofikisha hizo 14 kamili. Nilishindwa siku mbili. Sitakuandikia jibu lote ila nakupa viungo: intavali iliyotobolewa pointi moja katikati, pointi moja iliyokaa peke yake mbali, na namba wiano za ndani ya intavali fulani. Ukielewa kwa nini kila kimoja kinahitajika, umeelewa tofauti kati ya ndani ya seti, ufungaji wake na mpaka wake kuliko ambavyo mhadhara wowote ungekueleza.

Kisha sehemu ya 19. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo sehemu niliyoisoma mara nyingi kuliko zote. Unataka kuzidisha spesi nyingi, tuseme nakala zisizo na mwisho za mstari wa namba halisi, pointi moja ni mfuatano mzima wa namba. Seti wazi ziwe zipi? Akili inasema chukua seti wazi kwenye kila nakala uzizidishe pamoja, unapata kama sanduku, na kweli iyo inaitwa topolojia ya sanduku. Lakini kitabu kinakuambia topolojia inayofaa ni nyingine, ya zao, ambayo ni karibu sawa ila unaruhusiwa kubana kwenye nakala zenye idadi tu, zilizobaki unaziacha nzima. Kwa nini? Nilipoona hilo kwa mara ya kwanza nilichukia, niliona kama mtu anatunga sheria ili theoremu yake ipite.

Mfano wake ukanitoa ubishi. Chukua fanksheni inayopeleka t kwenye mfuatano (t, t, t, na kuendelea). Kila nafasi ni t yenyewe, hakuna fanksheni nyepesi kuliko iyo, lazima iendelee, kama haiendelei basi kuna tatizo kwenye topolojia. Sasa chukua sanduku ambalo nakala ya kwanza limebanwa kati ya -1 na 1, ya pili kati ya -1/2 na 1/2, ya tatu kati ya -1/3 na 1/3, hivyo hivyo bila mwisho. Rudi nyuma uulize ni t zipi zinaingia humo. Inabidi t iwe ndani ya intavali zote kwa mpigo, na jibu ni 0 peke yake. Ni ile karatasi yangu ya wiki ya kwanza! Makutano yasiyo na kikomo yaleyale, yamerudi yamevaa koti lingine. Sanduku linaingiza kwa mlango wa nyuma kile ambacho sharti la tatu lilikikataa mlango wa mbele, na topolojia ya zao inalinda lile neno "zenye idadi". Kitabu hakikuambii hivi kwa maneno. Kinakuwekea mfano mbele yako na kukuacha, na kuna watu hiyo staili haiwafai kabisa nawaelewa, lakini kwangu kitu nilichokiunganisha mwenyewe hakijawahi kunitoka.

Sehemu ya 22, ya kugundisha, ndo ule mpira unachungulia kwa mara ya kwanza. Unachukua mraba unagundisha kingo zinazotazamana unapata torasi, umbo kama donati. Nzuri ila ni ngumu kuliko inavyoonekana, na maelezo yake hapa naona ni mafupi mno kwa uzito wake. Picha zingekuwa mara mbili ya zilizopo zisingedhuru.

Sura ya tatu, kuungana na ukompakti. Kuungana kunaenda haraka, isipokuwa usimame kwenye mkunjo wa sini ya 1/x, ule unaotetemeka kwa kasi zaidi na zaidi kadri unavyosogelea 0, ukiongeza kipande cha wima pale kwenye 0 unapata kitu kilichoungana, huwezi kukigawa vipande viwili vilivyo wazi, na bado huwezi kutembea kutoka kwenye kile kipande cha wima mpaka kwenye mkunjo kwa njia isiyokatika. Uchore mwenyewe.

Ukompakti ndo mlima wa kozi nzima. Maana yake inasema ukiifunika spesi kwa seti wazi, ata nyingi kiasi gani, unaweza kuchagua chache zenye idadi kati ya hizo hizo na bado zikafunika. Wanafunzi wengi wanaishika maana kwa kichwa bila kujua ni ya nini, na mi nilikuwa mmoja wao karibu mwezi. Intavali kutoka 0 mpaka 1 isiyo na ncha zake unaifunika kwa intavali za kutoka 1/n mpaka 1, na ukichukua chache tu, kuna kasehemu karibu na 0 kanabaki nje siku zote, kwa iyo sio kompakti. Ukiweka ncha zote mbili inakuwa kompakti. Sawa, lakini ya nini? Nilikuja kuelewa kwenye uthibitisho mmoja wa sehemu ya 26, kwamba seti kompakti ndani ya spesi ya Hausdorff (ambayo pointi mbili tofauti yoyote zinatengana kwa seti wazi mbili zisizogusana) ni funge. Una pointi moja nje ya seti. Kwa kila pointi ya ndani unaweza kutenganisha zile mbili kwa seti wazi mbili zisizogusana. Sasa una seti wazi nyingi mno kuzunguka pointi yako ya nje, unatamani uzikutanishe zote upate moja inayokwepa seti nzima, na hairuhusiwi, makutano yana idadi tu! Ndo hapo ukompakti unakuja na kukuambia usijali, chache zenye idadi zinatosha kufunika, kwa iyo kutanisha hizo chache, ruksa. Yani ukompakti ni ile ruhusa tuliyonyimwa kwenye sharti la tatu, tunarudishiwa kwa spesi zinazostahili. Toka siku iyo nikiona neno kompakti kwenye uthibitisho naenda moja kwa moja kutafuta ni wapi kitu kisicho na mwisho kinageuzwa kuwa na idadi, na sijawahi kukosa.

Matunda yake yapo hapo hapo. Chukua intavali yenye 0 ila haina 1, izungushe kwenye duara mara moja. Inaendelea, kila pointi ya duara inafikiwa mara moja tu, na bado kurudi hakuendelei, maana pointi mbili zilizo jirani kwenye duara, moja kabla ya mwanzo na moja baada yake, zinarushwa kwenye ncha mbili tofauti za intavali. Ukiwa na kompakti upande wa kutoka na Hausdorff upande wa kufika, jambo hilo haliwezi kutokea, theoremu fupi tu lakini nimeitumia mara nyingi kuliko yoyote kwenye mazoezi ya kugundisha.

Malalamiko sasa, maana mapitio ya sifa tupu hayamsaidii mtu.

Majibu ya mazoezi hayamo. Ata moja. Kuna vidokezo kwenye baadhi ya maswali, vizuri, lakini anayejisomea bila mwalimu hana wa kumwambia kama uthibitisho wake una tundu, na topolojia ni somo ambalo unaweza kuandika ukurasa mzima unaopendeza na ukawa umekosea mstari wa pili. Majibu ya wanafunzi mengine yanasambaa mtandaoni na nimekuta yenye makosa ya wazi, kwa iyo usiyaamini kwa macho. Kilichonisaidia ni kusoma na mwenzangu mmoja, kila mtu anaandika wake, tunabadilishana, kazi ya kila mmoja ni kutafuta tundu kwenye karatasi ya mwenzake. Kama huna mtu wa hivyo nakuambia ukweli kitabu hiki kitakuwa kigumu mara mbili.

La pili ni ile seti isiyohesabika yenye mpangilio mzuri, yani kila kisehemu chake kisicho tupu kina kitu cha kwanza, ya sehemu ya 10, ambayo niliahidi kuirudia. Munkres anaitumia kama mfano tena na tena, spesi ambayo kila mfuatano una mfuatano mdogo unaofika mahali lakini spesi yenyewe sio kompakti, na mambo kama hayo. Ni mifano mizuri mno ila msingi wake umewekwa nyuma kwenye sura ambayo watu wanairuka, kwa iyo ukifika sehemu ya 28 unakuta mfano muhimu umejengwa juu ya kitu usichokijua. Ningependa angeirudia kwa nusu ukurasa pale inapohitajika. Na neti, ambazo zinarudisha nguvu ya mifuatano kwenye spesi zisizo na metriki, zimewekwa kwenye mazoezi ya nyongeza mwisho wa sura ya tatu, mwalimu wetu hakuzigusa na mi nilizikuta kwa bahati, fanya yale mazoezi.

La tatu, hakitaji sana watu na historia. Kwa wengine sio hoja. Lakini mi nilipofika lema ya Urysohn kwenye sehemu ya 33, ambapo anachukua seti mbili funge zisizogusana kwenye spesi ya "kawaida" (normal, yani ambayo seti funge mbili zisizogusana zinatengana kwa seti wazi) isiyo na umbali wowote, anapanga seti wazi moja kwa kila namba wiano, moja ndani ya nyingine, na kutoka kwenye mpangilio huo mtupu inachomoza fanksheni inayoendelea iliyo 0 huku na 1 kule, nilisimama nikataka kujua ni nani huyu. Pavel Urysohn alizama baharini Ufaransa mwaka 1924 akiwa na miaka 26. Miaka 26. Masharti ya Hausdorff yalikuwa yametoka 1914, yani muongo mmoja tu nyuma, somo lilikuwa bichi bado. Ningeisoma ile lema kwa namna nyingine kama ningejua hilo kabla, sio kwamba hesabu inabadilika, ila unaona kuwa kitu hiki kilitafutwa na mtu.

Sura ya tano mpaka ya nane sizizungumzii sana. Theoremu ya Tychonoff ya sura ya tano isome bila kukosa, kuzidisha spesi kompakti nyingi upendavyo kunatoa kompakti, na ukiisoma utaona mwenyewe kwa nini ilibidi iwe topolojia ya zao na sio ya sanduku. Zilizobaki ni za anayeendelea mbele na uchambuzi.

Sehemu kubwa ya pili inaanza sura ya tisa, na ni kama kitabu kingine, mwandishi mwenyewe anachangamka. Hapa mpira umerudi mzima. Unachukua vitanzi vinavyoanzia na kuishia pointi moja, viwili vinahesabiwa sawa kama kimoja unaweza kukisogeza taratibu kikawa kingine, na vinakuwa kundi kwa maana ya aljebra, yani unaweza kuviunganisha kimoja baada ya kingine na kuvirudisha nyuma. La duara ni namba kamili, unahesabu tu kitanzi kimezunguka mara ngapi na kwa upande upi. Kutoka hapo anatoa theoremu ya msingi ya aljebra, na sehemu ya 57 anatoa ya Borsuk na Ulam kwa vipimo viwili, ambayo tafsiri yake ni kwamba ukichukulia jotoridi na kanieneo vinabadilika bila kukatika juu ya uso wa dunia, basi muda wowote kuna pointi mbili zinazotazamana kinyume kabisa, moja upande huu wa dunia na nyingine upande ule, zenye jotoridi sawa na kanieneo sawa kwa wakati mmoja. Haikuambii ziko wapi. Inakuambia zipo. Picha nazo huku ni nyingi zaidi. Homolojia, njia nyingine ya kutambua matundu ya umbo kwa aljebra, imeguswa kidogo tu pale kwenye nyuso, ukiitaka kwa undani tafuta kitabu kingine.

Kwa iyo kinamfaa nani. Anayesoma digrii ya hesabu na ameshafanya angalau kozi moja ya kuandika uthibitisho, kinamfaa sana. Anayetaka kuonja tu topolojia kwa sababu ya picha za kuvutia, aanzie sura ya tisa na arudi nyuma pale anapokwama, najua sio njia rasmi ila nimeona mtu akiifanya na akafika. Aliyetoka kwenye fizikia au kompyuta na hajawahi kuandika uthibitisho, asianze nacho, atajilaumu bure wakati kosa sio lake.

Na nunua au azima toleo la pili, sio la kwanza, kwa sababu ile nusu ya vitanzi na nyuso imepanuliwa sana kwenye la pili.

Saiv niko sura ya 11, theoremu ya Seifert na van Kampen, jinsi ya kupata kundi la spesi kutoka kwenye makundi ya vipande vyake viwili. Sehemu ya 70 nimeisoma mara tatu na kuna hatua moja kwenye uthibitisho bado sijaridhika nayo, mwenzangu anasema imekaa sawa, mi naona anaruka kitu, wikiendi hii tunakaa nayo chini tuimalize.